Sura ya Sita: Stoo Kwanza, Sebule Baadaye

Februari 1872 David Livingstone na Henry Morton Stanley waliingia Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora mjini, wakitokea Ujiji. Huko, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwapo shehena ya Livingstone, iliyopandishwa kutoka pwani na kulazwa muda mrefu ikimsubiri mwenyewe. Masanduku yakafunguliwa. Bunduki zilikuwa zimebaki vyuma vyenye kutu, maana mchwa walikuwa wamemaliza vitako vya mbao. Chupa za brandi zilikuwa zimezibwa kwa magunzi ya mahindi badala ya vizibo vyake, na kinywaji hakikuwamo.

Ghala za Unyanyembe hazikuwa mabanda ya ovyo. Zilikuwa na kuta nene za udongo, paa la bapa lililokandikwa, mlango mzito na kufuli. Hata hivyo mali iliharibika kwa njia mbili: mdudu alipata pa kupandia kutoka ardhini, na mtu alipata nafasi ya kuingia bila kuonekana. Nimetembelea nyumba nyingi mpya za Tabora, za tofali za kuchoma na bati la rangi, na ninapofungua mlango wa stoo nakuta njia zote mbili bado ziko wazi.

Mji huu ulikua kwa kutunza. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa wakati ule, Novemba 1857, walipokelewa na wafanyabiashara Waarabu waliokuwa wakiishi katika tembe kubwa zenye baraza mbele, ua katikati na vyumba vya bidhaa ndani. Humo zilikaa jora za merikani na kaniki, shanga, masango ya shaba, baruti na pembe za ndovu. Misafara ya Bagamoyo na ya Ujiji ilipumzika hapa, ikaajiri wapagazi wapya na kununua nafaka ya njiani. Vita vya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, vilipofunga barabara ya Ujiji mwaka 1871, au mvua ilipojaza mbuga maji, aliyekuwa na ghala alisubiri na asiye nalo akauza kwa hasara. Livingstone mwenyewe alikaa Kwihara mpaka Agosti 1872 akingoja wapagazi. Mwenye nyumba wa wakati ule, alipoamua kujenga, alianza kwa kujiuliza mali italala wapi. Chumba cha kulala mtu kilikuja baadaye.

Wanyamwezi, wenyeji wa hapa, walikuwa wamejua hilo kabla ya misafara. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi na mtama huvunwa kati ya Mei na Julai, kisha ni ukame mpaka mvua zirudi. Kagera au Kilimanjaro, ambako mvua huja mara mbili, familia ikikosa msimu huu hutazamia ule. Hapa chakula huingia nyumbani mara moja, na kinatakiwa kifike mwaka mwingine. Ndiyo maana kila kaya ilikuwa na kihenge: pipa kubwa la fito zilizosukwa, limekandikwa udongo na samadi, limeinuliwa juu ya mawe au nguzo, na kifuniko cha nyasi kinachonyanyuliwa. Ndani ya nyumba vilikuwamo vilindo vya gome la mti, vya nafaka ya matumizi ya karibu, na juu ya moto palikuwa na uchaga ambapo mbegu ilikaa ikipigwa na moshi ili wadudu wasiisogelee. Hizo ni hifadhi tatu tofauti, moja ya mwaka, moja ya wiki na moja ya mbegu, kila moja mahali pake. Sijaona mpango wa nyumba uliopangwa kwa akili kuliko huo.

Mambo mawili yaliuvunja mpango huo. La kwanza ni mdudu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, wakulima wa Mkoa wa Tabora walianza kuona mahindi yao yakigeuka unga ndani ya vihenge. Wataalamu wakamtambua mhalifu: Prostephanus truncatus, mdudu mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, na Tabora ikaingia katika vitabu vya sayansi kama mahali alipoonekana kwa mara ya kwanza kushambulia mahindi barani Afrika. Watu walimwita dumuzi, wengine wakamwita Scania. Kutoka hapa alienea mikoa mingine, akavuka hadi Kenya, Burundi na kwingineko. Vipimo vya miaka ile vilionyesha kwamba mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake yangeweza kupoteza hadi theluthi ya uzito ndani ya miezi michache. Wahenga walisema akiba haiozi. Dumuzi aliwafanya wazee wa Urambo na Sikonge waifikirie upya methali hiyo.

Kinachomfanya dumuzi awe muhimu kwa mchoraji wa nyumba ni tabia zake. Hupenda hindi lililoshikwa kwenye gunzi, kwa sababu punje iliyosimama imara humpa nguvu ya kutoboa. Hula mihogo mikavu kwa hamu ileile. Na hutoboa mti. Fito za kihenge, nguzo za uchaga, boriti za paa, vyote vyaweza kumlaza kutoka mavuno haya hadi yale. Kwa hiyo kihenge kilichowafaa mababu kikawa makazi ya adui, na ushauri ukageuka: pukuchua mahindi, changanya na dawa ya unga iliyoidhinishwa, weka kwenye magunia, ingiza ndani. Jambo la pili, wizi, lilisukuma upande huohuo. Kihenge kilichosimama nje ya ua usiku hakina anayekilinda.

Basi chakula cha mwaka mzima kikahamia ndani ya nyumba, lakini nyumba haikubadilishwa kukipokea. Hapo ndipo penye tatizo letu. Ramani zinazouzwa mjini zina sebule, chumba kikubwa chenye choo chake, vyumba viwili vya watoto, jiko, na pembeni ya jiko kisanduku cha mita moja na nusu kwa moja na nusu kilichoandikwa "stoo". Hakina dirisha. Kimechorwa na mtu anayefikiria familia inayonunua unga wa kilo tano dukani. Familia ya Tabora yenye shamba Uyui haiwezi kuishi na kisanduku hicho, na matokeo yake ni magunia koridoni, magunia chini ya kitanda, magunia nyuma ya kochi.

Tuanze na hesabu, maana stoo hupimwa kwa magunia. Chukua watu sita, wakubwa na wadogo. Ugali na uji vyaweza kula kilo mbili za mahindi kwa siku, yaani kilo 730 kwa mwaka. Ongeza wageni, mbegu, na ndugu wa mjini ambaye lazima apelekewe kiroba; tunakaribia kilo 900, magunia tisa ya kilo 100. Gunia likilazwa huchukua takriban mita moja kwa sentimita 60. Ukipanga matatu kwenda juu, unahitaji safu tatu, upana wa mita 1.8 na kina cha mita moja. Acha nusu mita kati ya magunia na ukuta, ili ufagio upite na macho yaone panya. Acha sentimita 80 za kusimama na kugeuka na mzigo. Weka rafu upande wa pili. Umepata chumba cha mita 2.5 kwa 3, mita za mraba saba na nusu. Ni kidogo kuliko chumba cha mtoto. Wateja wengi hunung'unika nikifika hapa, wakitaka mita hizo ziende sebuleni. Nawauliza sebule hiyo itakaaje Februari, mwezi ambao gunia sokoni huwa ghali na shambani mahindi bado mabichi.

Kwa wanaobeba, yaani akina mama na vijana mara nyingi, ningeshauri mifuko ya kilo 50 badala ya 100. Hesabu ya nafasi haibadiliki sana, mgongo unapona.

Mahali pa stoo ndani ya nyumba ni jambo ambalo mafundi hulipita haraka, nami naomba tukae nalo. Tabora iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta. Kuanzia Mei hadi Septemba, miezi ambayo mavuno huingia na stoo hujaa, jua hupita upande wa kaskazini, na alasiri hupiga ukuta wa magharibi kwa ukali. Ukuta wa kusini hukaa kivulini muda wote huo. Upepo wa kiangazi huja kutoka mashariki na kusini mashariki. Kwa hiyo pembe ya kusini mashariki ndiyo yenye ubaridi na hewa, na pembe hiyo ndiyo huwa tunaipa chumba cha wageni. Wapeni wageni magharibi. Jiko lisigusane na stoo kwa ukuta wenye moto, kwani joto la jiko huamsha wadudu mwaka mzima. Mwembe ukiwapo karibu, kivuli chake ni neema, na Tabora imejaliwa miembe tangu enzi za misafara. Ila matawi yakatwe yasiguse paa, kwa sababu panya hupita juu yake kama barabarani.

Mlango wa stoo uwe wa sentimita 90, na ufunguke kwenye baraza la nyuma, mkabala na mlango wa jiko. Sababu ni mbili. Siku ya mavuno mkokoteni au guta lisogee mpaka pale, magunia yasiburuzwe sebuleni juu ya marumaru. Na kila anayeingia stoo aonekane na aliye jikoni. Nimesema mwanzo kwamba mkono wa mtu ni adui sawa na mchwa, na sioni aibu kulirudia ndani ya familia: chakula cha mwaka kinahitaji ufunguo mmoja na mtu mmoja anayejua yamebaki magunia mangapi.

Sakafu iwe ya zege, imeinuliwa hatua moja kuliko baraza, na chini ya zege ilazwe nailoni nzito kuzuia unyevu usipande wakati wa mvua. Kona za sakafu na ukuta zizungushwe kwa saruji zisibaki nyufa. Ukuta upigwe plasta laini mpaka juu na chokaa nyeupe, ili njia ya mchwa ionekane siku ileile inapoanza. Matundu mawili ya hewa, moja chini upande wa upepo na jingine juu mkabala wake, yote yawekewe wavu wa chuma wenye macho madogo. Panya mchanga hupenya tundu la nusu inchi, na mtoto wa panya wa nyumbani hupenya dogo zaidi. Chini ya mlango pigilia ukanda wa bati. Dari ni lazima, kwa kuwa bati tupu la Oktoba hugeuza chumba kuwa tanuri.

Magunia yakae juu ya chaga, kamwe yasikae sakafuni. Chaga za mbao zinafaa, lakini kumbuka dumuzi hulala kwenye mti. Kila mwaka kabla ya mavuno mapya, toa kila kitu, chaga zianikwe juani na zikaguliwe vitundu, nafaka ya zamani iliyoshambuliwa isichanganywe na mpya, na vumbi lote lichomwe mbali na nyumba. Mwenye uwezo achomelee chaga za chuma, au ajenge vijukwaa vya tofali vilivyopigwa plasta. Hapo umemnyima dumuzi kitanda.

Kabla nafaka haijaingia, lazima iwe kavu. Kiwango cha mahindi ni unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake. Asiye na kipimo atumie chumvi: weka kijiko cha chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu yenye mfuniko, tikisa, acha itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Hili silisemi kwa kutimiza wajibu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo mpango wa stoo huanzia uani. Tenga sakafu ya zege ya mita tatu kwa nne, yenye mteremko mdogo, penye jua kutwa. Tembe za zamani zilikuwa na paa la bapa ambapo nafaka ilianikwa mbali na mbuzi na kuku. Paa zetu za mgongo zimetunyima uwanja huo, na hatukuufidia. Tunaanika pembezoni mwa lami, na magari yanapita.

Mifuko yenye tabaka tatu, ile ya PICS, imerahisisha mengi. Mifuko miwili ya plastiki hukaa ndani ya mmoja wa nje uliofumwa, kila mmoja ukifungwa peke yake baada ya kukamuliwa hewa. Wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa, bila dawa. Lakini kila ukifungua, hewa inaingia. Hivyo mpangilio wa stoo uruhusu mfuko mmoja kutolewa, kumalizwa, ndipo mwingine ufunguliwe, na ulioingia mwanzo uwe karibu na mlango. Mahindi ya kusaga wiki hii yakae kwenye ndoo kubwa yenye mfuniko jikoni. Tumerudi kwenye kilindo.

Mazao mengine yana masharti yake, na hapa mahindi yasitudanganye. Mahindi hupukuchuliwa, lakini karanga hukaa vizuri zaidi zikiwa na maganda, na mpunga hukaa vizuri kuliko mchele. Gunia la mpunga litunzwe hivyo mpaka wiki ya kukoboa. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vyetu vya kukausha, vibichi na vya kuchemsha, vinataka chombo kinachofungika, pamoja na nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa, na uyoga mkavu wa masika. Rafu za juu zinavitosha. Mihogo mikavu iwe mbali na mahindi kwa sababu ya yule yule dumuzi. Asali ya miombo iwekwe karibu na mlango, kwenye ndoo safi ya plastiki inayofaa chakula, ifungwe barabara, maana hunyonya unyevu wa hewa na kuchacha. Debe la chuma lenye kutu huiharibu rangi na ladha.

Kisha chumvi na samaki. Uvinza ilikuwa ikitoa chumvi kwa misafara ya Ujiji karne ya 19, na chumvi ya Uvinza bado inajulikana. Iwekwe kwenye ndoo au mtungi, juu ya rafu, mbali na ukuta: hula plasta na chuma. Dagaa na migebuka ya Kigoma inayoshuka na treni ina harufu ambayo unga huinywa. Itundikwe kwenye baraza la nyuma ndani ya kabati la wavu, na stoo ibaki ya nafaka.

Sasa stoo ya pili. Bila hiyo, ile ya kwanza haitabaki salama. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na mkulima wa tumbaku hurudi nyumbani na mbolea, dawa za wadudu, bomba la kupulizia, turubai na kamba. Ongeza mkaa, mafuta ya taa, mtungi wa gesi wa akiba, majembe, baiskeli, na pikipiki ambayo kila usiku huingizwa ndani kwa hofu ya wezi. Petroli yake hunukia hadi kwenye ugali. Vitu hivi vipewe chumba kingine chenye mlango wake, kinachofunguka nje, kisichopakana kwa dirisha wala tundu na stoo ya chakula. Mita mbili kwa mbili na nusu zinatosha. Dawa zikae kwenye kabati la juu lenye kufuli, kwenye makopo yake ya asili. Kumimina dawa kwenye chupa ya soda ni njia ya kumuua mtoto, nasema hivyo bila kuzunguka. Gesi iliyo kwenye matumizi ikae nje ya ukuta wa jiko, kwenye kizimba chenye hewa, mpira ukipita ukutani.

Hapo hapo nyuma weka maji. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora na kupunguza utegemezi wa bwawa la Igombe, lakini bomba hukatika hata lililo bora. Simtanki ya lita 2,000 juu ya jukwaa, ikipokea pia mvua ya bati, pamoja na karo la kufulia lenye kivuli, vinakamilisha upande wa kazi wa nyumba. Usiweke tanki ubavuni mwa ukuta wa stoo. Likivuja, utagundua kwa ukungu.

Wanaopanga vyumba viwili Ng'ambo au Kanyenye wataniuliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu kwa kipimo kidogo. Pipa la plastiki la lita 200, lenye mfuniko wa kukazwa kwa pete, hubeba kati ya kilo 140 na 150 za mahindi makavu yaliyopukuchuliwa, na mapipa mawili husimama kwenye kona isiyozidi mita 1.3 kwa sentimita 65. Yasimame juu ya tofali, mbali na dirisha la magharibi, na mfuniko uweze kufunguka bila kuhamisha kitanda. Unaponunua pipa lililotumika, muulize muuzaji lilibeba nini, kisha nusa mwenyewe. Likinuka dawa au kemikali hata baada ya kuoshwa, liache hapo hapo.